Pingamizi la Baba Jumamosi Dhidi ya Kivuko cha Kila Siku

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usafiri,
Baraza la Mji.

Mheshimiwa,

YAHUSU: OMBI LA KUKINYIMA KIVUKO FUNGU LA KUDUMU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wajumbe wako wote. Mimi si mzima sana, na sababu ni ninyi.

Nimesoma tangazo mlilobandika gatini kwamba miezi sita ya majaribio ya kivuko inakwisha mwisho wa mwezi huu, na kwamba Alhamisi ijayo kamati itapiga kura: ama kivuko kitengewe fungu la kudumu kwenye bajeti ya mji, ama kirudishwe kilikotoka, nasi turudi kwenye barabara ya kuzunguka. Tangazo linasema pia kwamba mmewauliza wananchi, na tisa katika kila kumi wanakitaka. Mimi ndiye yule wa kumi. Dada mwenye fomu alipopita nyumbani kwetu, mke wangu na watoto wote watatu walisema ndiyo kabla hajamaliza swali. Ilipofika zamu yangu nikamwambia kwamba suala langu ni zito, haliingii kwenye kisanduku cha kutia tiki, na kwamba nitaandika barua. Watoto wakatazamana.

Nijitambulishe. Mimi ni mtunza stoo mkuu wa kiwanda cha magodoro kilichoko ng'ambo, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Naitwa mkuu kwa sababu yuko mwingine mmoja chini yangu. Nyumbani kwangu ni upande huu wa maji. Ukisimama kwenye dirisha la stoo unaliona bati la nyumba yangu, lakini kwa barabara ya kuzunguka ni mabasi mawili na saa tatu nzima. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne nilipanga chumba kule, nikawa nafika nyumbani Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni. Mtaani wakanipa jina la Baba Jumamosi. Sikukasirika, maana jina lilikuwa na uzito wake.

Tangu kivuko kianze, safari ni dakika ishirini na tano, na mimi niko nyumbani kila siku. Madhara yaliyonipata nayaorodhesha hapa chini kwa heshima zote, kama nilivyozoea kuorodhesha mali iliyoharibika.

1. Kuvunjiwa heshima ya kufika.

Mheshimiwa, wewe hujawahi kuniona nikifika Jumamosi. Watoto walikuwa wamekwisha oga na kupakwa mafuta. Redio ilipunguzwa sauti. Kiti changu, kile chenye mikono, kilikuwa kimefutwa vumbi, na chai ililetwa kwenye kikombe ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Nilikuwa napokewa begi mlangoni. Begi lenyewe lilikuwa na nguo chafu tupu, lakini lilipokewa kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza mambo ya Jumanne ya kwanza ya kivuko chenu. Nimeingia saa kumi na mbili jioni, nimesimama mlangoni, nimekohoa. Hakuna mtu. Kiti changu kimebeba beseni la nguo zinazosubiri pasi. Mke wangu, ambaye hushona sare za shule pale chumba cha mbele, aliniambia bila kuinua macho kwamba kama nina njaa kuna wali kwenye sufuria, niangalie mwenyewe, watoto wasije wakawa wameumaliza. Kitinda mimba wangu, binti wa miaka sita, akatoka chumbani, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwani leo ni Jumamosi. Nilipomwambia ni Jumanne, akaenda kumwita dada yake aje ahakikishe.

Nilikula wali baridi nimekaa kwenye stuli. Baadaye nikagundua kwamba kile kiti, siku zote ambazo sikuwapo, kilikuwa cha kufanyia masomo, na upande wa chini wa mkono wake wa kulia umejaa majibu ya jiografia.

2. Kuporomoka kwa mahakama.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo naomba wajumbe wasisinzie.

Nyumbani kwetu kulikuwa na daftari la kesi. Utaratibu niliuanzisha mwenyewe, kwa mfano wa daftari la upungufu la stoo. Kosa lolote lililofanyika katikati ya wiki liliandikwa: tarehe, mshitakiwa, kitu kilichoharibika, maelezo. Jumamosi saa nne nilikaa kwenye kiti, daftari likaletwa, nami nikahukumu. Najua jinsi ya kuhukumu. Nauliza taratibu, nanyamaza kwa muda mrefu, navua miwani. Majirani wamewahi kuniambia kwamba wanangu wana adabu kwa sababu ya ile miwani.

Kwa kuja kwa kivuko chenu, nimekutana na kesi zikiwa bado za moto. Siku ya tatu nilikuta wawili wanalia kwa pamoja, kila mmoja ameshika ncha moja ya taulo. Nikavua miwani. Hakuna aliyeona. Nikanyamaza kwa muda mrefu, wakanipita, wakaendelea kuvutana hadi uani. Mama yao akatokea, akawatazama mara moja tu, taulo likaanikwa kwenye kamba. Wala hakuuliza nani alianza.

Basi nikaona nichunguze. Jioni moja nililichukua daftari nilisome lote, kama mtu anayefanya ukaguzi wa mwisho wa mwaka, nikagundua jambo la ajabu. Makosa mengi ya mwaka uliopita yalikuwa ya mtu mmoja, mwanangu wa kati, mwenye miaka kumi. Kavunja kikombe cha maua. Kapoteza ufunguo wa kabati. Kachana pazia. Nikainuka kwenda kuangalia. Kikombe cha maua kipo kabatini, kizima. Ufunguo upo mlangoni. Pazia linaning'inia pale pale, halina hata uzi uliolegea.

Nilimwita mama yao nikamwonyesha. Alicheka mpaka akalazimika kuweka mkasi chini. Kumbe zilikuwapo wiki ambazo hakuna mtoto aliyekosa lolote, nao waliona vibaya baba atoke ng'ambo kwa mabasi mawili aje akae kwenye kiti bila kazi. Basi Ijumaa jioni walikuwa wanakaa kikao, wanatunga kosa, na huyu wa kati anajitolea kulibeba kwa sababu anapenda kuigiza. Amekiri makosa kumi na moja ambayo hayakutendeka. Mheshimiwa, mimi nilimnyima mtoto huyu mpira Jumapili tatu kwa ajili ya pazia zima! Nilimhutubia saa nzima juu ya thamani ya vikombe, naye akadondosha machozi, nami nikamsamehe, nikaondoka Jumapili nikiwa nimevimba kichwa kwamba nalea.

Kama si kivuko chenu nisingejua hadi kaburini. Nilikuwa baba mkali, mwenye haki, na mwenye furaha. Nani amewaambia kwamba nataka kujua?

3. Kuanikwa kwa ujinga wangu.

Kifungua mimba wangu, msichana wa miaka kumi na mitatu, zamani alinionyesha daftari la hesabu Jumamosi likiwa limekwisha sahihishwa. Nilitazama tiki, nikasema vizuri, nikafunga. Sasa linakuja jioni ya siku yenyewe, likiwa tupu. Kuna swali la tangi lenye mabomba mawili: moja linalijaza kwa saa tatu, jingine linalimaliza kwa saa tano, yote yamefunguliwa pamoja, je, litajaa baada ya saa ngapi? Mimi kama mtunza stoo nilijibu kwamba bomba linalotoa maji lifungwe mara moja na anayehusika aandike maelezo. Binti akaliandika jibu langu kama nilivyolisema. Mwalimu akalizungushia wino mwekundu.

Kesho yake nilipanda kivuko na swali mfukoni. Nikamuuliza mkata tiketi kwa kujifanya namtania, naye akamuuliza fundi wa friji aliyekaa karibu na kamba, huyo akamwita muuguzi anayetoka zamu, na kabla hatujafika katikati ya maji safari nzima ilikuwa inachora matangi kwenye migongo ya tiketi. Yalipatikana majibu manne. Nahodha alipaza sauti kutoka juu kwamba yeye anaomba kwanza aambiwe ukubwa wa tangi. Muuguzi ndiye aliyepata: saa saba na nusu. Tangu hapo kila asubuhi wananiuliza leo kuna nini. Abiria wa kivuko chenu ndio wanaomsomesha binti yangu, nao wanajiona kama wazazi wenzangu. Fundi wa friji amefikia hatua ya kuuliza kwa nini alama zake za sayansi zimeshuka, na ameuliza kwa ukali.

4. Mwenendo wa mke wangu.

Hapa nitakuwa mfupi, maana barua itasomwa na watu.

Kwa miaka kumi na minne sikujua kwamba mke wangu huimba. Jumamosi haimbi. Jumamosi alikuwa akinipa taarifa za wiki, fupi na nzuri kama za mgeni rasmi, na mimi nikimpa zangu. Kumbe siku za kazi, akiwa kwenye cherehani, anaimba kutoka sare ya kwanza hadi ya mwisho, tena kwa sauti nene ambayo sikuwahi kuisikia. Wiki za mwanzo, akisikia nafungua mlango, alikuwa ananyamaza. Nililiona hilo kuwa ni heshima ya mke kwa mumewe.

Sasa hanyamazi. Naingia, navua viatu, napita mbele yake, anaendelea tu. Juzi alininyooshea mkono nimpe sindano za akiba huku anaimba, kana kwamba mimi ni kabati. Nikampa. Nikabaki nimesimama pale na begi langu, nikisikiliza, mpaka maharage yakaungua jikoni, na lawama za maharage zikanijia mimi. Naomba kamati ilitazame hilo kama upotevu wa chakula uliosababishwa na usafiri wa umma.

5. Kupoteza uhuru wangu wa ng'ambo.

Wajumbe wanaweza kudhani chumba changu kule kilikuwa mahali pa anasa. Naapa kwamba hata mimi nilijaribu kudhani hivyo. Kulikuwa na godoro la kiwanda chetu lililokataliwa na mkaguzi kwa kuwa limeinama upande mmoja, msumari wa kutundikia shati, na ukuta mwembamba ulionisaidia kusikia redio ya jirani. Jioni nilikula mkate nimesimama, maana ukikaa kwenye kitanda makombo yanaita sisimizi. Siku za mwanzo nilijiambia kwamba huu ndio uhuru wa mwanamume, hakuna wa kukuuliza. Na kweli, hakuna aliyeniuliza kitu. Mwaka wa tano niliugua homa siku tatu, na mtu wa kwanza kuuliza niko wapi alikuwa msaidizi wangu wa stoo, aliyetaka kujua nimeweka wapi muhuri.

Hata hivyo uhuru ni uhuru, na mmenipokonya.

6. Madhara ya mwili na ya jina.

Kivuko cha jioni kinaondoka saa kumi na moja na nusu kamili. Kiwanda kinafungwa saa kumi na moja na robo. Kwa hiyo mimi, mtu mzima, mkuu wa idara, nakimbia kila siku mbele ya wafanyakazi ninaowaagiza watembee kwa nidhamu. Kitambi changu, ambacho nilikijenga kwa miaka na kilichonisaidia sana kwenye vikao, kimekwisha. Suruali zimepunguzwa viuno mara mbili, na mpunguzaji huwa anacheka na pini mdomoni.

Pia nimesuka nywele. Ndiyo, Mheshimiwa, umesoma sawasawa. Asubuhi moja mke wangu alikuwa na oda ya sare arobaini, na kitinda mimba anatakiwa shule nywele zikiwa safi. Nikasema, mtu aliyefunga marobota kwa miaka kumi na tisa atashindwa na mikia minne? Nilifunga kwa fundo letu la stoo, lile lisilofunguka njiani. Saa nne mwalimu alituma ujumbe kuuliza kama kuna msiba nyumbani. Nywele zilifunguliwa jioni na watu wawili. Kinachonisikitisha ni kwamba kesho yake mtoto alikuja kwangu na kitana, akampita mama yake, akakaa chini katikati ya magoti yangu, akasema leo usikaze sana.

Na jina? Limekwenda na maji. Hakuna anayeniita tena Baba Jumamosi. Watoto wa mtaani wananiita baba wa fulani, kama wanavyowaita baba za wenzao wote. Nimekuwa mtu wa kawaida, tena kwa haraka sana, na hakuna aliyeniomba radhi.

Kutokana na hayo, naomba kamati ichukue hatua zifuatazo. Kwanza, ikinyime kivuko fungu la kudumu. Kama hilo haliwezekani, basi kivuko kipunguzwe mwendo, au kizunguke maji mara tatu kabla ya kutia nanga, ili baba afike nyumbani amechoka kwa namna inayoonekana na inayostahili kupokewa begi. Kama hilo nalo ni gumu, nahodha aagizwe kupiga honi ndefu dakika kumi kabla ya kufika, ili beseni liondolewe kwenye kiti, majibu ya jiografia yafutwe, na anayetaka kunyamaza anyamaze. Na kama honi itawasumbua wakazi, ninaomba kila baba anayevuka apewe cheti chenye muhuri wa baraza, kinachosema kwamba mwenye cheti hiki alikuwa mtu mkubwa nyumbani kwake hadi tarehe fulani, na kwamba kilichotokea baada ya hapo hakikuwa kosa lake. Muhuri naweza kuchangia kutoka stoo.

Najua mtasema kwamba wauguzi wanawahi zamu, wanafunzi wanawahi madarasa, na kwamba tisa katika kila kumi hawawezi kuzuiwa kwa sababu ya kiti cha mtu mmoja. Hoja hizo nimekwisha kuzisikia mezani kwangu mwenyewe, tena kutoka kwa mtoto wa miaka kumi aliyevaa miwani yangu.

Nisalimie wajumbe wote, karani wa kikao, na yule dada wa fomu, ambaye mwambie kwamba sikuwa na nia ya kumkalisha dakika arobaini. Nahodha na mkata tiketi nitawasalimia mwenyewe kesho asubuhi. Wa nyumbani wote wanakusalimu; hawajui nimeandika nini, isipokuwa mke wangu, aliyesoma ukurasa wa pili akaniambia nisahihishe: si makosa kumi na moja, ni kumi na manne.

Wako katika masikitiko,

Mtunza Stoo Mkuu,
Kiwanda cha Magodoro,
(zamani Baba Jumamosi)

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi nimekumbuka jambo dogo kuhusu tarehe. Mkiamua kukisimamisha kivuko, naomba isiwe mwisho wa mwezi huu, maana huyu wa kati anaigiza hakimu kwenye mchezo wa shule wiki ya kwanza ya mwezi ujao, siku ya Jumatano, na ameniomba nikae mstari wa mbele. Isiwe pia mwisho wa mwaka, kwa kuwa kifungua mimba ana mtihani, na fundi wa friji ametuahidi wiki mbili za marudio ya sayansi. Mwakani nako ni kugumu. Kitinda mimba ameanza kusoma, amefika ukurasa wa kumi na nne, na akiwa peke yake anaruka mistari. Akishajua kusoma atakuwa anaingia madarasa ya juu, na hayo yana mabomba mawili mawili. Nimepiga hesabu kwenye mgongo wa tiketi, nikapata kwamba tarehe inayofaa kukisimamisha ni baada ya miaka kumi na mitano hivi. Hapo sasa mimi na mama yao tutakuwa wazee, na barabara ya kuzunguka hatutaiweza.

Halafu, kwa kuwa ninyi ni watu wazima, niseme tu. Jumatatu mama mwenye nyumba wa kule aliniuliza kama aendelee kunishikia chumba mpaka mtakapopiga kura, maana amepata mpangaji. Nilimwambia ampe, nikamkabidhi ufunguo, na nyumbani bado sijamwambia mtu. Kwa hiyo Alhamisi mkinikubalia ombi langu, Mheshimiwa, mimi sina pa kulala. Nawaomba sana, kwa heshima zote, msinikubalie.